Mpiga Ngoma Aliyekuwa Mwalimu

Mara nyingi tumeulizwa na wazazi, na safari hii na mkuu wetu wa shule, kama inafaa mtu mmoja awe mwalimu wa watoto mchana na mpiga muziki usiku. Waulizao wana hoja, wala hatuidharau. Wazee walikwisha kusema ya kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Nasi hatuna budi kukiri ya kuwa Jumatatu moja ya muhula uliopita tulisinzia mbele ya darasa la tano, chaki mkononi, kwa ajili ya arusi tuliyoipigia ngoma mpaka alfajiri. Watoto walicheka, na habari ikafika ofisini kabla ya kengele ya mapumziko. Tumeambiwa tuchague kabla ya muhula kufunguliwa.

Katika likizo hii tumekaa na kuipima methali hiyo kwa kazi ya mtu mmoja wa Marekani, marehemu Bwana Alan Dawson, aliyepiga ngoma za jazi na kuzifundisha miaka mingi katika mji wa Boston. Hatukumchagua kwa kuwa ni mashuhuri kuliko wote. Wako waliomzidi sana kwa jina. Tumemchagua kwa sababu kazi yake imebaki katika sahani za santuri, na kila apendaye aweza kuisikiliza na kuamua mwenyewe. Siku hizi hata asiye na santuri huzipata nyimbo hizo katika simu yake, iwapo mtandao unakubali.

Bwana Dawson alizaliwa tarehe 14 Julai 1929 katika jimbo la Pennsylvania, akakulia Roxbury, mtaa wa Boston wenye watu weusi wengi. Alijifunza ngoma kwa mwalimu aitwaye Charles Alden, akapiga katika bendi ya jeshi alipokuwa askari, na mwaka 1953 akaenda Ulaya pamoja na kundi la Lionel Hampton. Aliporudi, njia ilikuwa wazi mbele yake. Kijana aliyekwisha kusafiri na Hampton alikuwa na haki ya kujaribu bahati yake New York, maana ndiko walikokaa wakuu wa jazi, na ndiko zilikotengenezwa sahani nyingi. Yeye akakaa Boston. Mwaka 1957 akaanza kufundisha katika shule ya muziki ya Berklee, akafundisha hapo mpaka 1975.

Hapo ndipo yalipoanzia masikitiko ya watu. Wapenzi wa jazi husema mpaka leo ya kwamba angalikwenda New York jina lake lingalitajwa pamoja na majina makubwa, na ya kuwa shule ilimmeza. Maneno haya yana sura ya heshima, lakini ndani yake mna dharau kwa kazi ya kufundisha, kana kwamba darasa ni shimo ambamo mtu mwenye kipawa huanguka. Na tusikilize sahani zenyewe, tuone kama twasikia mtu aliyemezwa.

Tarehe 3 Desemba 1963 watu wanne waliingia katika chumba cha kunasia sauti huko New Jersey: Booker Ervin mpiga saksofoni, mtu wa Texas, Jaki Byard kwenye piano, Richard Davis kwenye besi, na Alan Dawson kwenye ngoma. Sahani waliyoifanya yaitwa The Freedom Book. Tumetazama kalenda, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Sahani nyingine mbili alizopiga na Ervin, The Song Book na The Space Book, zilinaswa Alhamisi tarehe 27 Februari 1964 na Ijumaa tarehe 2 Oktoba 1964. Zote ni siku za kazi, na kutoka Boston mpaka New Jersey ni zaidi ya kilometa 300. Sisi tunaojua maana ya kuomba ruhusa ya siku moja twasoma tarehe hizo kwa namna yetu.

Katika The Freedom Book Ervin hupuliza kwa nguvu kama mtu aliye na neno la kusema na anayeogopa kuwa saa haitamtosha. Saksofoni ya namna hiyo humjaribu sana mpiga ngoma. Aliye dhaifu huachwa nyuma. Aliye na majivuno hushindana nayo, na msikilizaji hupata kelele mbili badala ya muziki mmoja. Dawson hafanyi hili wala lile. Toazi lake kubwa hukimbia mbele bila kuyumba, na mkono wa kushoto, katika ngoma ndogo yenye nyuzi, huingiza neno pale tu Ervin anapovuta pumzi. Twaijua kazi hiyo. Ndiyo kazi ya mwalimu anayemsikiliza mtoto asomaye kwa sauti: hamkatizi, lakini kila kituo yupo.

Katika sahani hiyo mna wimbo wa polepole uitwao A Day to Mourn, wa kuomboleza Rais John Kennedy, aliyeuawa siku 11 tu kabla ya kazi hiyo. Hapo ngoma haitaki kusikiwa. Twawaomba wasomaji wetu wapenzi wausikilize wimbo huo kabla ya mwingine wowote, kwa maana kupiga polepole na kwa sauti ndogo bila kupoteza njia ni kazi ngumu kuliko kupiga mbio, na kila aliyejaribu aweza kutushuhudia. Wa mwisho waitwa Al's In, jina linalomchezea Dawson mwenyewe, na humo ngoma hupewa nafasi yake ya kusema. Aliyemezwa na darasa hasemi vile.

Sasa na tutoe jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha habari. Bwana Dawson alikuwa na desturi moja katika kufundisha, iliyowashangaza wanafunzi wake wa kwanza. Aliwataka waimbe. Kijana aliyekuja kujifunza ngoma, ambaye labda hakuwahi kufungua kinywa mbele za watu, aliamriwa kuuimba wimbo kwa sauti huku mikono yake ikipiga na miguu yake ikipiga.

Sababu yake ni hii. Nyimbo nyingi za jazi zina umbo la mafungu 32, kila fungu mapigo manne, na mafungu hayo hugawanyika sehemu nne za mafungu manane manane. Mara nyingi sehemu ya kwanza hurudiwa, ya tatu huwa ngeni, na ya nne hurudia ya kwanza. Mpiga saksofoni anaposimama peke yake, sauti yenyewe humwonyesha alipo. Lakini ngoma haina sauti ya wimbo. Mpiga ngoma aachwapo peke yake ni kama mtu atembeaye usiku bila taa. Asipokuwa na wimbo moyoni hujua kupiga tu, hajui alikofika, na wenzake humsubiri kwa mashaka wasijue waingie lini. Wengine huhesabu. Dawson hakuona kuhesabu kuwa kunatosha, maana mtu aweza kuhesabu sawasawa na bado akapiga vitu visivyohusiana na wimbo hata kidogo. Aimbaye hawezi kupotea, na tena mikono yake huanza kusema maneno ya wimbo ule.

Alichukua pia kitabu kidogo cha Ted Reed kiitwacho kwa ufupi Syncopation, kilichojaa mistari ya mapigo ya kusomwa, akakitumia kwa njia nyingi: mkono wa kushoto ukipiga mstari kama wimbo, wa kulia ukiwa kwenye toazi, kisha mguu ukichukua kazi ya mkono. Kitabu kimoja cha bei ndogo kikawa kama vitabu kumi. Hili litawafurahisha walimu wenzetu ambao kabati lao la vitabu lina panya wengi kuliko vitabu.

Basi rudini kwenye sahani. Msikilizaji akisha kuujua wimbo, na auimbe polepole wakati ngoma zinapopiga peke yake. Ataona ya kuwa katika sahani nyingi za Dawson wimbo haukuondoka. Umo chini, kama njia iliyofunikwa na majani. Je, alijifunza haya kwa kuwa mwalimu, au alikuwa mwalimu wa namna hii kwa kuwa alipiga hivyo? Hatuwezi kuvitenganisha, na hapo ndipo methali ya mshika mbili inapoanza kututia shaka. Mtu alazimikaye kueleza kila Jumanne na kila Alhamisi kwa nini pigo hili liko hapa na si pale, hawezi tena kulipiga kwa mazoea. Wanafunzi humdai hesabu.

Na usiku hakuacha kupiga. Katika miaka ya 1960 alikuwa mpiga ngoma wa nyumbani katika ukumbi wa Lennie's-on-the-Turnpike, kando ya barabara kuu katika mji wa Peabody, kaskazini ya Boston. Wakuu wa jazi walipopita bila mpiga ngoma wao, yeye ndiye aliyekaa nyuma yao, juma hili na mtu wa namna hii, juma lijalo na mwingine. Kutoka ukumbi huo tuna sahani ya Jaki Byard iliyonaswa mwezi wa Aprili 1965, na humo Dawson hupiga pia vibrafoni, ndugu wa marimba mwenye pao za chuma. Byard naye baadaye akawa mwalimu katika chuo cha muziki cha Boston. Yaonekana ugonjwa huu huambukiza.

Habari ya mwanafunzi wake mmoja yatupasa kuieleza kwa kirefu kidogo. Tony Williams alikuwa mtoto wa Boston, aliyezaliwa Desemba 1945, akapelekwa kwa Bwana Dawson angali mdogo. Mwalimu hakumfundisha saa yake moja na kumwambia kwaheri. Usiku wa Jumamosi alimchukua kwa motokaa yake, akampeleka Cambridge ng'ambo ya mto, akamwachia kiti cha ngoma apige na wenzake, kisha akamrudisha kwao. Msomaji atasema ukumbi wa usiku si mahali pa mtoto. Nasi twasema hivyo hivyo. Lakini twamwomba atazame jambo lenyewe: mtu mwenye kazi mbili alizifunga pamoja kwa safari moja ya motokaa. Angalikuwa mwalimu tu, hangalikuwa na kiti cha kumwachia mtoto. Angalikuwa mpigaji tu, hangalikuwa na sababu ya kumwachia mtu kiti chake.

Mwezi wa Mei 1963 kijana huyo, umri wake miaka 17, alikuwa akipiga ngoma katika kundi la Miles Davis, na dunia nzima ya jazi ikageuka kumtazama. Kwa hiyo katika mwaka ule ule ambao mwalimu alinasa The Freedom Book, jina la mwanafunzi lilipita lake, na halikurudi nyuma tena. Hatuna habari ya wivu. Tunachokijua ni tarehe, na tarehe hizo zina jambo la ajabu: mwalimu alifariki 23 Februari 1996, na mwanafunzi 23 Februari 1997.

Sasa hatutaki kuandika sifa tupu, maana sifa tupu si uchambuzi. Kazi mbili zilimtoza Bwana Dawson gharama, na gharama hiyo yasikika. Kwanza, sahani zenye jina lake mwenyewe mbele ni haba mno. Alikaa nyuma ya wengine. Mtu wa namna hiyo hatuachii wimbo tunaoweza kuuita wake, wala kundi alilolijenga miaka mingi kwa nia yake. Twaamini ya kuwa hii ni hasara kweli, na anayesema wanafunzi ni sahani zake hutafuta faraja tu. Wanafunzi si sahani. Wana nyimbo zao.

Pili, tangu mwaka 1968 alipiga na Dave Brubeck, mpiga piano aliyejulikana duniani kote, akishika kiti kilichokuwa cha Joe Morello, huku akiendelea na Berklee. Sahani ya tamasha la Newport ya Julai 1971 ina Take Five, wimbo wa mapigo matano ambao watu waliujua kwa mkono wa Morello tangu 1959. Dawson huyabeba mapigo matano kama kikapu chepesi. Walakini kwa masikio yetu, katika kazi ya miaka hiyo mna pahali ambapo kila kitu kimepangwa mno. Twasikia hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama ubaoni. Ervin alimsukuma mpaka ukingoni; Brubeck alimpa nafasi pana, na katika nafasi ile mwalimu mara nyingine alimtangulia mpigaji. Wengine watakataa hukumu hii. Na wakatae baada ya kusikiliza sahani mbili hizo siku moja, moja baada ya nyingine, kama tulivyofanya sisi.

Tatu, mwili. Mwaka 1975 uti wa mgongo wake ulimpata vibaya, pingili ikaumia, akalazimika kuacha Berklee na kupunguza safari. Hakuacha kufundisha. Wanafunzi walimfuata nyumbani kwake Lexington. Kama ni kazi mbili zilizomvunja mgongo, hatuthubutu kusema. Lakini mwalimu asomaye habari hii baada ya arusi ya usiku kucha hujishika kiuno.

Tena yuko atakayetuambia ya kwamba Berklee si shule ya kijijini, na ya kuwa wanafunzi wa Dawson walikuwa vijana waliokusudia kuwa wapigaji. Amesema kweli. Kwa ajili yake twamtaja Warren Smith wa Chicago, mpiga ngoma na marimba, aliyefundisha katika shule za serikali za mji wa New York tangu 1958 mpaka 1968, kati ya watoto wa kila namna, na mwaka huo wa 1968 akapiga vibrafoni katika sahani ya Van Morrison iitwayo Astral Weeks. Sikilizeni jinsi anavyogusa kidogo na kunyamaza. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la M'Boom pamoja na Max Roach, kundi la ngoma, marimba na kengele tupu, bila tarumbeta wala piano. Katika sahani yao ya 1979 kuna wimbo wenye jina la Kiswahili, Kujichaglia. Neno ni kujichagulia, mojawapo ya maneno saba ya sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Weusi wa Marekani mwaka 1966. Herufi moja ilianguka baharini, na mwalimu wa darasa la pili angaliitia alama nyekundu. Hata hivyo tulifurahi kulikuta neno letu limefika mbali hivyo.

Neno moja lingine juu ya Bwana Dawson, na ni lawama, ingawa si kwake. Aliwaachia watu zoezi refu liitwalo Rudimental Ritual, mfululizo wa mapigo ya msingi, moja likizaa lingine, huku miguu ikishika mwendo wa samba wa Brazili bila kukoma. Alipenda lipigwe kwa brashi za waya, ambazo hazirushi mkono kama vijiti, ili kila pigo litoke kwa nguvu ya mtu mwenyewe. Siku hizi vijana hujionyesha wakilipiga zoezi hilo kwa mbio, mmoja akimshinda mwingine kwa dakika. Tumewatazama wengi. Mikono yao ni ya ajabu, na vinywa vyao vimefungwa. Wamechukua nusu ya somo iliyo rahisi kuonyeshwa, wakaiacha ile nusu ya kuimba.

Sisi tuliijaribu nusu hiyo ya pili juma la mwisho kabla ya kufunga shule. Hatuna seti ya ngoma darasani. Watoto walipiga madawati kwa viganja, tukawaamuru waimbe wimbo wanaoujua wote, kisha waimbe moyoni huku wakipiga, kisha tukawaashiria watoe sauti tena. Mara ya kwanza waliingia kila mmoja mahali pake, kukawa na kicheko kikubwa. Mara ya nne watoto 46 waliingia katika neno moja. Yule msichana wa mstari wa nyuma, ambaye hajibu swali hata la jina lake, ndiye aliyeshika mapigo wenzake walipoyumba.

Barua kwa mkuu wa shule tumekwisha kuiandika. Tumemwambia ya kuwa arusi za Jumapili usiku tumeziacha, na za Jumamosi tutatoka saa sita ya usiku hata kama bwana arusi atanuna. Mwenye bendi amekwisha kutupunguzia ujira kwa hilo. Bendi hatutaiacha. Na tumeomba ruhusa ya kuileta shuleni ngoma ile ndogo yenye nyuzi kila Jumatano baada ya masomo, kwa watoto wanne wa kwanza. Jina la msichana yule tumeliandika juu ya orodha.